Matanga Yaliyochangamshwa

Nchi ya Shwari haina bahari. Jambo hili halikumkosesha mtu usingizi mpaka Kiongozi Mpendwa aliporudi kutoka ziara ya nje, ambako wenyeji walimpeleka ufukweni, akavua viatu, akalowesha miguu, akafurahi. Aliposhuka kwenye ndege alisema maneno machache tu: "Na sisi tunaitaka." Wiki hiyohiyo vijana wenye afya wakakusanywa kila mtaa, wakapewa makoleo na fulana za bluu, wakapelekwa kwenye tambarare ya kaskazini kuchimba bahari.

Watu wa Shwari wana adabu zao. Hakuna aliyeuliza maji yatatoka wapi. Iliundwa Wizara ya Bahari, ikapata waziri, naibu waziri na Kamishna wa Mawimbi, ambaye mpaka leo anapokea posho ya mazingira magumu. Shimo likachimbwa, likawa shimo kweli, ukisimama ukingoni kizunguzungu kinakushika. Masika yalipopiga, ukuta wa upande wa mashariki ukaporomoka wote kwa mkupuo, na vijana waliokuwa chini hawakupanda tena.

Hapo sasa ndipo unapouona uungwana wa serikali ile. Serikali nyingine ingekimbilia kutangaza msiba, ikawatia watu simanzi bure. Shwari ilitangaza kwamba bahari yake haijaua mtu, kwa kuwa bado haijajazwa maji. Vijana wapo, wanaendelea kuchimba, ila sasa wamefika mbali ndiyo maana hawaonekani. Na kwa kuwa wapo, kumwekea mmoja wao matanga ni kumzika mtu akiwa hai, na kosa hilo lina adhabu ambayo mtu mwenye akili zake haiulizii.

Bi Mwanakheri, mkaanga maandazi wa mtaa wa Mikoroshini, alikuwa na kijana wake mkubwa chini ya ukuta ule. Jina lake Shamte. Hakuruhusiwa kulia, wala kukaa matanga, wala kuandaa hitima. Badala yake alipangiwa Afisa Salamu, bwana mmoja mpole mwenye suti, aliyekuwa akija nyumbani mara kwa mara kumwambia, "Shamte anakusalimu, mama. Anasema udongo wa huko ni laini." Bi Mwanakheri alimwitikia, "Alhamdulillahi," akamtilia chai na maandazi, maana kumnyima chai Afisa Salamu ni kuinyima serikali. Bwana yule alikuwa akila vizuri sana.

*

Bi Mwanakheri alikuwa na mtoto wa pili, Badi, na huyu Badi ndiye mwenye aibu tunayoisimulia. Alikuwa mtengenezaji wa filamu wa kujitegemea. Katika Shwari maana yake ni kwamba alitegemea kamera ya kuazima, umeme wa jirani, na subira ya mama yake. Alikuwa ametengeneza filamu za harusi nyingi na tangazo moja la dawa ya mende, na moyoni alijihesabu kuwa msanii mkubwa ambaye bado hajagunduliwa.

Siku moja, akiwa amekaa barazani anamtazama mama yake akiisindikiza suti ya Afisa Salamu mpaka nje, wazo likamjia. Sheria ilikataza matanga. Haikukataza kuigiza matanga. Katika filamu mtu anaruhusiwa kufa, kuzikwa, kuoa jini, kufanya alitakalo.

"Mama," akasema, "njoo uigize filamu yangu."

"Mimi? Niigize nini na magoti haya?"

"Uigize mama aliyefiwa."

Bi Mwanakheri akaweka chini mwiko wake. Akauliza taratibu, "Nikilia humo hawatanikamata?"

"Hawawezi. Utakuwa unaigiza."

"Na watu wataniona?"

"Nchi nzima itakuona, mama."

"Basi watakuja kunipa mkono wa pole," akasema. "Nitafanya. Lakini nitafanya mara moja tu, Badi. Usije ukaniambia nirudie."

Akafanya mara moja. Alitandika mkeka sebuleni, akapanga vikombe vya kahawa vya wageni, akakaa kusubiri waombolezaji, wasije. Akatoa shati la Shamte, akalifua kwenye beseni, akalikamua kwa nguvu zake zote. Mwisho akasimama mlangoni akamwita mwanawe kwa jina, mara ya kwanza kwa sauti ya kumtuma dukani, mara ya mwisho kwa sauti ambayo Badi, nyuma ya kamera, hakuwahi kuisikia kwa binadamu. Hakukuwa na maneno mengine humo. Badi akaiita filamu yake *Mkeka*, na akamwahidi mama yake kwamba yeye ndiye atakuwa mtu wa kwanza kuiona.

*

Shwari ilikuwa na msambazaji mmoja tu wa filamu, ili kuwaepusha watu na taabu ya kuchagua. Aliitwa Shirika la Kusambaza Furaha. Shirika ndilo lililomiliki mabanda yote ya video nchini, yale ya mabati na mabenchi ambamo watu hulipa kidogo wakabanana kutazama sinema za Wachina wakipigana. Na kwa kuwa Wachina hawasemi Kiswahili, kila banda lilikuwa na sauti ya msimuliaji juu ya picha, mtu wa kuwaeleza watazamaji nani anamdai nani na kwa nini teke limepigwa. Msimuliaji hodari kupita wote aliitwa Tindo. Tindo hakujua neno hata moja la Kichina, na hilo halijapata kumkwamisha.

Mkurugenzi wa Shirika, Bwana Kilindo, alimpokea Badi kwa mikono miwili. Ofisi yake ilikuwa na kiti cha wageni cha ngozi nyekundu, chenye mgongo mrefu, na Badi alipokaa akajiona kabisa amekaa.

"Mheshimiwa Msanii," alisema Kilindo, "taifa limekusubiri. Kwa muda mrefu tumekuwa taifa la kutazama. Leo, kupitia wewe, tunakuwa taifa la kutazamwa. Sisi wengine ni wasukuma mkokoteni tu, furaha yenyewe mmeibeba ninyi wasanii."

Jamani, binadamu! Mtu aliyepiga picha za harusi miaka yote akiitwa "we kijana wa kamera, sogea pembeni", leo anaitwa Mheshimiwa Msanii, tena na mtu mwenye tai. Badi alivimba kichwa hapohapo kitini. Mkataba ulipoletwa aliushika kama mtu aliyezoea mikataba, akaupitia kwa macho, akatikisa kichwa penye aya ndefu ili aonekane anaelewa. Kulikuwa na mahali paliposema kwamba filamu itachangamshwa pale itakapolala.

"Kuchangamsha maana yake nini?" aliuliza, na hilo swali moja tumpe haki yake.

"Ah, ni lugha ya kiofisi," alisema Kilindo. "Kuongeza mwanga kidogo, kuongeza sauti kidogo. Au una wasiwasi na sisi, Mheshimiwa?"

Angemwambiaje mtu mwenye kiti kile kwamba ana wasiwasi? Badi akaona haya kuuliza mara ya pili, asije akaonekana mshamba. Akatia sahihi, tena sahihi ndefu yenye mkia, akamkabidhi Kilindo nakala pekee ya filamu. Alipofika njiani akakumbuka kwamba mama yake hajaiona, akajiambia ataiona tu, iko mahali salama.

*

Siku filamu ilipotoka, Bi Mwanakheri hakukaanga maandazi. Alifagia uani, akatandika mkeka uleule, akabandika kahawa. Alivaa kanga nyeusi ambayo alikuwa hajathubutu kuivaa tangu ukuta ulipoanguka. "Wakija, uwakaribishe wewe," alimwambia Badi. "Mimi nitakuwa nimekaa, kama inavyotakiwa."

Alasiri wakaja. Mtaa mzima ulikuja. Mbele alikuwa Mama Sihaba, jirani wa ukuta mmoja, ambaye mwanawe naye alikuwa kule kaskazini akiendelea kuchimba. Bi Mwanakheri akamnyooshea mkono. Mama Sihaba akaushika kwa mikono yake yote miwili, akainama, mabega yakaanza kumtikisika, na Badi akaona machozi yanamchuruzika. Moyo wa Badi ukajaa. Alidhani amefanikiwa.

"Shoga yangu," alisema Mama Sihaba alipopata pumzi, "umetuvunja mbavu! Wallahi umetuua! Ile ya vikombe, jamani, ile ya vikombe!"

Wote wakaangua kicheko. Wanaume walikuwa wanajishika viuno. Mmoja akainama juu ya mkeka akajifanya anasubiri wateja, watu wakazidi kuanguka. Wakamsifu, wakamwita komediani, wakanywa kahawa yake yote. Bi Mwanakheri alikaa na mkono wake bado umenyooka, akiwatazama mmoja mmoja, na kila aliyeushika aliushika akicheka. Walipoondoka akakunja mkeka, akaingia ndani akabadilisha kanga.

Badi alitoka mbio mpaka banda la karibu, akajipenyeza. Ukutani alikuwapo mama yake amekaa peke yake mbele ya vikombe, na juu yake ilikuwa sauti ya Tindo, yenye mikwaruzo, haina hata chembe ya huruma. Ya mama ilikuwa haipo. Watazamaji walikuwa wakipiga mabenchi kwa viganja. Mtu mmoja alimgeukia Badi, machozi yanamtoka, akamuuliza, "Huyu bibi wamemtoa wapi?" Badi akajibu, "Sijui." Akatoka nje akaegemea bati la moto, akatamani ardhi ipasuke immeze.

*

Kesho yake alikwenda kwa Kilindo akiwa amejiandaa kugombana. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, yakiwemo mengine ambayo mama yake hakumfundisha. Alipoingia, Kilindo akasema, "Karibu kiti, Mheshimiwa," naye akasema, "Asante." Akaletewa soda, akasema, "Asante." Alishangaa mwenyewe jinsi mdomo wake ulivyokuwa na heshima.

Tindo alikuwapo pembeni, mtu mfupi mwenye sweta, anatafuna karanga.

"Nataka filamu yangu ilivyokuwa," Badi akasema mwishowe. "Ile ni matanga."

"Ni matanga?" Kilindo akainua nyusi. "Ya nani?"

Badi akainua soda akanywa. Mtu anayejibu swali kama lile katika ofisi ya serikali anakuwa amejichongea mwenyewe na ukoo wake.

"Unaona?" alisema Kilindo kwa upole. "Filamu yako ilikuwa imelala, ndugu yangu. Imelala fofofo. Mama amekaa, mama amekaa, mama bado amekaa. Tumeiamsha kama mkataba unavyosema. Sasa nchi nzima inacheka, na wewe unaleta uso wa kufiwa?"

Tindo akameza karanga. "Kaka, mimi huletewa picha asubuhi, mchana imetoka," alisema. "Sikujua kama ni mama yako. Ningejua..." Akafikiri kidogo. "Sijui ningefanya nini, kusema kweli. Ile picha ina nafasi nzuri mno za kusema."

Badi akasema atakwenda mbele ya Baraza la Mikataba. Kilindo akafurahi sana kusikia hivyo, akamwitia dereva ampeleke.

*

Katika Shwari kulikuwa na wakati mikataba ilithibitishwa kwa sahihi na dole gumba, lakini watu walikuwa wakikana sahihi zao. Kiongozi Mpendwa ndiye aliyeleta mageuzi. Yeye hupenda kusema mizaha mikutanoni, na akitazama umati unavyocheka aligundua kwamba hakuna kura iliyo ya kweli kuliko ile. Kwa hiyo uchaguzi ukafutwa kwa kukosa kazi ya kufanya, na sheria ikawekwa: aliyekichekea kitu amekikubali, na aliyekikubali hana tena la kulalamika.

Shida ikawa moja. Wananchi walikuwa wamejifunza kucheka kwa meno tu. Ndipo ikaanzishwa kada ya Wapima Tumbo, maofisa waliosomeshwa nje kwa kodi za watu, ambao humwekea mtu kiganja tumboni wakajua kama kicheko kimetoka ndani au kimeishia mdomoni. Ni kazi ya heshima. Wanavaa glavu nyeupe.

Jaji wa Baraza, Mzee Fundikira, alieleza utaratibu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mnada. Filamu itaonyeshwa barazani kama ilivyosambazwa. Mlalamikaji ataketi mbele, na Mpima Tumbo pembeni yake. Tumbo lake likitulia mpaka mwisho, atarudishiwa filamu yake ilivyokuwa, na Shirika litalazimika kuionyesha upya katika kila banda, bila Tindo. Tumbo likicheza, amekubali, na nakala ya kwanza iliyo katika ghala la Shirika itafutwa, kwa sababu jambo moja haliwezi kuwa na namna mbili katika nchi moja.

Badi karibu aruke kwa furaha. Acheke? Yeye? Amcheke mama yake? Alijiona ameshashinda. Akampelekea Bi Mwanakheri habari akihema, na Bi Mwanakheri akasema kitu kimoja tu: "Nitakuja. Sijaiona bado."

Siku ya shauri ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mtaa wa Mikoroshini ulikuwapo wote na karanga zao. Bi Mwanakheri alikaa nyuma, kanga imemzunguka mpaka mdomoni. Mpima Tumbo akavaa glavu, akamwomba Badi afungue vifungo viwili, akaweka kiganja. Kilikuwa cha baridi. Taa zikazimwa.

Mama akatokea ukutani, akatandika mkeka.

"Leo ni leo!" sauti ya Tindo ikanguruma. "Bibi anafungua mkahawa! Mtaji ameupata wapi msimuulize, kaeni mtazame. Anapanga vikombe. Hiki cha mheshimiwa, hiki cha mheshimiwa, na hiki cha mume wa mheshimiwa."

Ukumbi ukalipuka. Badi alikaza tumbo likawa gumu kama ubao.

"Wateja hakuna. Anangoja. Chai inapoa. Sasa bibi anajinunulia mwenyewe. Anajikopesha mwenyewe. Kesho atajidai mwenyewe, na nawaambieni, hatajilipa!"

Jaji mwenyewe alikuwa amelaza kipaji cha uso mezani. Karani wa Baraza alitolewa nje. Badi alikuwa akiwaza mambo mabaya yote aliyoyajua, udongo, ukuta, suti ya Afisa Salamu. Kiganja kilikuwa palepale, na tumbo lilikuwa palepale. Mama akafua shati, Tindo akasema analikaba koo lirudishe pesa ya nauli, na Badi hakutikisika. Alianza kuonja ushindi. Ilibaki sehemu ya mwisho tu, ile ya mlangoni.

Mama akasimama mlangoni. Mdomo wake ukafunguka, ukawa unalitamka jina bila sauti, maana sauti ilikuwa imeondolewa kumpisha Tindo. Na Tindo, ambaye hakumjua Shamte, ambaye alikuwa anaziba nafasi tu kama alivyozoea, akajibu kwa sauti ya kijana mvivu:

"Naam, mama! Niko chooni!"

Loo. Tangu Shamte ajue kutembea, hakuna siku aliyoitwa kwa kazi akakosa kuwa chooni. Akiitwa kuchota maji, yuko chooni. Akiitwa kupasua kuni, yuko chooni, na anaitikia kwa sauti ileile ya kuvuta, ya mtu anayeonewa. Baba yao alikufa akilalamikia jambo hilo. Badi hakumwona Tindo pale, wala Baraza, wala kiganja. Alimsikia kaka yake, mzima kabisa, nyuma ya nyumba, na kicheko kikamtoka kutoka chini kabisa, kikubwa, cha furaha, mpaka akapaliwa.

"Tumbo limekubali!" akatangaza Mpima Tumbo, akavua glavu.

Taa zikawashwa. Watu walikuwa wakishangilia. Badi alikuwa bado amekaa mdomo wazi, machozi mashavuni, vifungo viwili havijafungwa, na aibu ikaanza kumpanda taratibu kutoka miguuni. Hakuthubutu kugeuka nyuma.

"Baraza limeridhika," alisema Jaji Fundikira akijifuta macho. "Mlalamikaji ameipenda mno. Nakala ya kwanza ifutwe leo."

Ndipo nyuma ya ukumbi mtu akasema, "Na mimi nipimwe."

Alikuwa Bi Mwanakheri. Amesimama.

"Mimi nimeitazama yote na sikucheka," akasema. "Njooni mnipime. Filamu ni yangu pia."

Mpima Tumbo akamtazama Jaji. Jaji akatazama kitabu, kisha akatabasamu kwa huruma. "Bibi, wewe ni mwigizaji tu. Mwigizaji hana tumbo katika sheria."

"Sikuigiza," alisema Bi Mwanakheri.

Kelele zikakatika. Mama Sihaba, aliyekuwa amekaa karibu naye, akajisogeza kando na kapu lake. Kila mtu mle ndani alijua maneno yale yana maana gani. Kama hakuigiza, basi alilia kweli. Kama alilia kweli, kuna aliyekufa. Na yule Afisa Salamu, aliyekuwa amesimama mlangoni akila maandazi, akaacha kutafuna.

Jaji Fundikira hakutaka makubwa siku ile, mtu mzima yule. Alimwacha mama, akamgeukia mwana. "Wewe ndiye mwenye filamu," alisema. "Tuambie. Mama yako aliigiza, au hakuigiza?"

Sasa Badi akalazimika kugeuka. Mama yake alikuwa anamtazama, siyo kwa hasira, kwa kungoja tu, kama alivyongoja kwenye ule mkeka. Badi akaona glavu, akaona suti ya mlangoni, akaona uso wa mama yake. Akarudi kumtazama Jaji.

"Aliigiza, Mheshimiwa," akasema. "Ni mwigizaji mzuri sana."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wakasimama. Wakamgeukia Bi Mwanakheri, wakamshangilia kwa jinsi alivyowatisha pale mwishoni, wengine wakisema hiyo ya kusimama ndiyo kali kuliko zote. Kilindo akanyanyuka kwenye kiti chake akapaza sauti, "Shirika linaomba sehemu ya pili!" Mama Sihaba akarudi karibu na kapu lake, akamkumbatia.

*

Nje jua lilikuwa kali. Badi alimkuta mama yake amesimama chini ya ukuta wa Baraza, peke yake, watu wakimpungia mikono kwa mbali.

"Mama," akaanza, "nilicheka kwa sababu nilimsikia Kaka."

"Najua," alisema Bi Mwanakheri. "Nilimsikia na mimi." Akamwonyesha pindo la kanga yake. Lilikuwa limelowa mate, limetoboka penye meno. "Niliuma hapa mpaka taya likafa ganzi. Ya kucheka nimekusamehe, Badi. Kicheko kinamponyoka mtu. Lakini lile la pili hukuponyokwa. Uliulizwa, ukafikiri, ukajibu."

"Wangekukamata, mama."

"Mimi nilishasema yangu nimesimama. Nilikuwa sijifichi." Akamtazama usoni. "Wewe ulimwogopea nani?"

Badi akafungua mdomo. Alitaka kusema, nilikuogopea wewe, mama, na hata mwenyewe alitaka kuliamini neno hilo. Lakini alijua vizuri kwamba Jaji alipouliza, hakumwaza mama yake hata kidogo. Alichowaza ni kwamba matanga yale yakiwa ya kweli, aliyekuwa nyuma ya kamera ni yeye. Akaanza kufunga vile vifungo viwili.

Ndani ya Baraza karani alikuwa anaita jina la shauri lingine. Bi Mwanakheri akajifunga kanga upya.

"Sauti yangu ndiyo wanaifuta leo?"

"Ndiyo, mama. Leo."

"Basi ndiyo hivyo." Machozi yakaanza kumtoka, hakuyafuta wala hakuyaficha. Kijana mmoja aliyekuwa akipita akamwona, akacheka, akampa dole gumba. "Wewe tangulia nyumbani," akamwambia Badi. "Usinisindikize. Nataka kulia njia nzima, na nikitembea na wewe watu watadhani naigiza."

Badi akatangulia.